Mungu "kama tulivyomwelewa": ugomvi wa waasisi wa AA

Anayesimulia chimbuko la Alcoholics Anonymous (AA), ule ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, kwa kawaida huanzia Akron, jimbo la Ohio, mwaka 1935. Walevi wawili wanakutana, mmoja mtu wa masoko ya hisa, mwingine daktari wa upasuaji. Wanazungumza kwa saa kadhaa, na kundi linazaliwa. Ni kweli tupu, lakini masimulizi hayo yanaruka kitu ambacho mimi nakiona kizito zaidi. Katika miaka minne iliyofuata watu hao hao walivutana vikali juu ya Mungu: je, mlevi apewe dini ikiwa nzima kama walivyoipokea wao, au ipunguzwe makali ili hata asiyeamini akae nao chumba kimoja? Mwafaka walioufikia mwaka 1939 haukumfurahisha mtu yeyote kikamilifu. Mpaka leo wapo wanaosema ndio uliouokoa ushirika, na wapo wanaosema ndio uliouchujua.

Wanaotetea dini wana hoja ya kwanza isiyopingika, nayo ni deni. Bill Wilson, yule mtu wa hisa, mzaliwa wa Vermont, alikuwa ameishamaliza kazi yake ya Wall Street kwa chupa pale Novemba 1934 alipotembelewa nyumbani kwake Brooklyn na Ebby Thacher, mnywaji mwenzake wa zamani. Bill akamimina kinywaji, Ebby akakataa. Alikuwa ameingia Oxford Group, harakati ya Kikristo iliyoanzishwa na mchungaji wa Kilutheri kutoka Pennsylvania, Frank Buchman. Watu wa harakati hiyo walikutana majumbani, wakaungama makosa yao mbele ya mwenzao, wakawarudia waliowadhulumu ili kulipa, wakatenga muda wa kimya kila asubuhi wakisubiri uongozi wa Mungu, kisha wakatoka kumshuhudia mwingine. Msomaji anayezijua Hatua 12 za AA, yaani orodha ya mambo ambayo mlevi hupitia ili apone, ataona kwamba karibu zote zimo humo. Zilibadilishwa maneno, lakini shina ni hilo.

Desemba mwaka huo Bill alilazwa Towns Hospital, New York. Usiku mmoja, akiwa amekata tamaa, aliona chumba kimejaa nuru, na tangu wakati huo hakunywa tena mpaka alipofariki mwaka 1971. Wenye mashaka hukumbusha kwamba tiba ya hospitali ile ilikuwa na belladonna, mmea unaoweza kumfanya mtu aone yasiyokuwepo. Sawa. Lakini Bill alikuwa amelazwa pale kabla ya hapo na akarudi kwenye gini yake kama kawaida, kwa hiyo hoja ya mmea haitufikishi mbali.

Kinachotufikisha mbali ni miezi mitano iliyofuata. Bill aliwafuata walevi wa New York akiwahubiria ile nuru yake, na hakuna hata mmoja aliyeacha. Daktari wa Towns, William Silkworth, ndiye aliyemshauri apunguze mahubiri. Alimwambia aanze na ugonjwa wenyewe: mwili usioihimili pombe, na akili isiyoacha kuitamani. Awaeleze hilo mpaka waogope, mambo ya Mungu yafuate baadaye.

Mei 1935 Bill alikwenda Akron kupigania udhibiti wa kampuni moja, akashindwa. Akabaki peke yake Mayflower Hotel, mfukoni ana dola kama kumi, huku kelele na vicheko vya baa vikimfikia pale ukumbini. Ng'ambo ya pili ya ukumbi palikuwa na simu na ubao wenye orodha ya makanisa. Akapiga simu kwa mchungaji mmoja, Walter Tunks, akapewa majina ya watu wengine wa kuwapigia, na mwisho akampata Henrietta Seiberling, mama wa Oxford Group aliyekuwa akiishi katika nyumba ya getini ya jumba la Stan Hywet. Bi Henrietta alikuwa na mlevi wake tayari. Dk. Robert Smith, ambaye wanachama humwita Dr. Bob, alifika Jumapili ya tarehe 12 Mei akiwa anatetemeka kwa hangover, ameishamwambia mkewe Anne kwamba atakaa dakika 15 tu. Waliondoka baada ya saa tano usiku.

Usiku huo pande zote mbili za ugomvi huudai kuwa wao. Mwenye kutetea dini atasema: angalieni, ni simu ya kanisani, nyumba ya mcha Mungu, na wanaume wawili waliotoka katika harakati moja ya Kikristo. Bila Oxford Group hakuna Akron. Upande wa pili utajibu kwa swali ambalo sijaona likijibiwa vizuri. Dr. Bob alikuwa amehudhuria mikutano ya Oxford Group kwa zaidi ya miaka miwili, akasali, akasoma Biblia, na watu wa Akron wakamwombea. Mbona aliendelea kunywa? Yeye mwenyewe aliandika kwamba Bill alikuwa mtu wa kwanza kuzungumza naye akijua ulevi kwa kuupitia. Dini alikuwa nayo tayari. Alichokikosa ni mlevi mwenzake.

Hata hivyo, alianguka tena muda mfupi baadaye, aliposafiri kwenda mkutano wa chama cha madaktari Atlantic City. Alirudi hoi, na asubuhi aliyotakiwa kufanya upasuaji Bill akampa chupa ya bia ili mikono itulie. Ushirika huhesabu tarehe 10 Juni 1935 kuwa siku ya kinywaji chake cha mwisho na ndiyo siku ya kuzaliwa kwa AA, ingawa wanahistoria wanabishana juu ya tarehe kwa sababu ya ratiba ya mkutano ule wa madaktari.

Kuanzia hapo miji miwili ikachukua njia mbili. Akron ilikuwa kali. Mgonjwa alilazwa hospitalini, wageni wake wakawa walevi waliopona tu, na kabla ya kuruhusiwa alipaswa kujisalimisha kwa Mungu akiwa amepiga magoti. Clarence Snyder wa Cleveland, aliyelazwa Februari 1938, alikuwa akisimulia jinsi Dr. Bob alivyokaa kitandani kwake akamuuliza kama anaamini Mungu. Clarence akajaribu kukwepa. Daktari hakumwachia. Hakutaka kusikia habari za mungu fulani, alitaka kujua habari za Mungu. Mwishowe akamtoa kitandani, akampigisha magoti, wakasali pamoja sakafuni.

New York ilijaa watu ambao wangekimbia mbele ya swali hilo. Kundi la huko lilijitenga na Oxford Group tangu 1937, na mwanzoni mwa 1938 likampata Jim Burwell, muuza bidhaa asiyeamini Mungu na asiyejua kunyamaza. Kila mkutano alisimama kupinga habari za Mungu. Wenzake walichoka, wakajadiliana kumfukuza, wengine wakasubiri tu anywe ili waseme tulijua. Na kweli alikunywa akiwa safarini. Lakini akarudi, na aliporudi hapakuwa na kanuni ya kumzuia, kwa sababu alichokuwa akiomba ni kuacha pombe basi. Miaka iliyofuata Bill alimsimulia mara nyingi, bila kumtaja kwa jina lake kamili, alipoeleza kwa nini sharti pekee la uanachama ni nia ya kuacha kunywa.

Desemba 1938 Bill aliandika rasimu ya Hatua 12 akiwa amelala kitandani kwake, kwa muda wa nusu saa hivi kwa maelezo yake. Zikapita katika moto. Fitz Mayo, mtoto wa mchungaji, alitaka kitabu walichokuwa wakikiandaa, ambamo hatua hizo zingechapishwa, kiseme wazi kwamba ni cha Kikristo. Hank Parkhurst na Jim walitaka kisaikolojia, Mungu awe pembeni au asiwepo. Bill akageuka mwamuzi. Hatua ya 2 ikazungumzia nguvu iliyo kubwa kuliko sisi. Katika ya 3 na ya 11, baada ya neno Mungu yakaongezwa maneno "kama tulivyomwelewa". Katika ya 7 maneno ya kupiga magoti yakafutwa. Na juu ya orodha nzima pakawekwa kwamba hatua hizi ni pendekezo. Kitabu, kilichoitwa Alcoholics Anonymous, kilitoka Aprili 1939 kwa bei ya dola tatu na nusu, kwenye karatasi nene kiasi kwamba wanachama wakakiita kitabu kikubwa.

Mwezi mmoja baadaye pigo likatoka upande ambao hata Jim asingeutarajia: Wakatoliki. Clarence alikuwa akiwasafirisha walevi wa Cleveland kilomita 60 hivi kila Jumatano kwenda mikutano ya Akron, na wengi wao walikuwa Wakatoliki. Mapadri wao hawakutaka waungame hadharani katika harakati ya Kiprotestanti. Mei 1939 Clarence akatangaza kwamba Cleveland inaanzisha mkutano wake, na jina litakuwa lile la kitabu. Huyu ndiye yule yule aliyepigishwa magoti hospitalini, na hakuiacha imani ile maisha yake yote. Alichokataa ni mlango usioingilika kwa Wakatoliki. Watu wa Akron walikasirika, na Dr. Bob mwenyewe hakuwaacha marafiki zake wa Oxford Group mpaka mwisho wa mwaka huo.

Kuna waandishi wanaouita uamuzi huo usaliti. Hoja yao inastahili kusikilizwa. Wanasema Akron ya mwanzo, yenye magoti na Biblia, iliponya watu kwa kiwango ambacho ushirika haujakifikia tena. Wanataja dibaji ya toleo la pili la kitabu, la mwaka 1955, inayodai kwamba nusu ya waliojitahidi kweli waliacha moja kwa moja, na robo nyingine baada ya kuanguka mara kadhaa. Wanaongeza mfano wa Washingtonian, harakati ya walevi iliyoanzia baa moja ya Baltimore mwaka 1840. Ilisambaa kama moto hadi Abraham Lincoln akaihutubia mwaka 1842, huku makanisa yakiilaumu kwa kumweka Mungu kando, na ndani ya miaka michache ilikuwa imekwisha.

Mimi hesabu ile hainishawishi. Akron ilichagua watu: ilihoji familia kwanza na kuwaacha wale ambao hawakuwa tayari. Ukichuja wagonjwa mlangoni, matokeo yatakuwa mazuri. Na Washingtonian walikufa kwa mambo mengi ya kidunia. Walijiingiza katika siasa za kupiga marufuku pombe, wakategemea wahubiri nyota ambao wakilewa tena ilikuwa habari ya magazeti. Oxford Group yenyewe, iliyokuwa na Mungu mchana na usiku, haikuwa salama zaidi. Buchman alipenda watu mashuhuri, na mwaka 1936 gazeti moja la New York lilimnukuu akishukuru kuwepo kwa mtu kama Hitler aliyejenga ukuta dhidi ya Ukomunisti. AA ilipoandika Desturi zake 12 miaka ya 1940, ikikataa siasa, fedha za nje na umaarufu wa mtu mmoja, ilikuwa inajilinda na makosa ya wote wawili.

Ila wapinzani wa dini nao wasishangilie mapema. Mwafaka wa 1939 uliacha dini nyingi kuliko wanavyopenda kukiri. Mwaka 1996 mahakama ya juu ya jimbo la New York iliamua kwamba gereza haliwezi kumlazimisha mfungwa kuhudhuria mpango wa Hatua 12 ili apate nafasi ya kukaa na familia yake, kwa sababu mpango huo ni wa kidini kwa asili. Ukizisoma hatua zenyewe bila upendeleo, majaji hawakukosea.

Utafiti nao hauupi ushindi upande mmoja. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yalionyesha kwamba mipango iliyopangwa vizuri ya kumwingiza mtu AA huwasaidia wengi zaidi kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nayo. John Kelly, mmoja wa waandishi wake, amechunguza pia namna inavyofanya kazi. Kwa wengi, kilichobeba mzigo mkubwa ni kubadilisha marafiki: kuwaacha wa baa na kuwapata wa mkutanoni. Kwa waliozama zaidi katika ulevi, mambo ya kiroho nayo yalionekana kuchangia.

Hata Zanzibar, kwenye nyumba za upataji nafuu ambazo mtaani huitwa soba hausi, hatua hizi zinatumiwa na waraibu wa heroini katika jamii ya Kiislamu. Toleo la Akron lisingevuka kufika huko. Lakini pia hakuna anayekaa pale na mungu asiye na jina. Nafasi iliyoachwa wazi mwaka 1939 imejazwa na Mwenyezi Mungu na swala tano. Pengo lile halikumnyima muumini chochote.

Swali gumu ni asiyeamini amebakiziwa nini. Mwaka 2011 ofisi ya AA ya Toronto iliviondoa kwenye orodha ya mikutano vikundi viwili vya wasioamini, kwa sababu walikuwa wakitumia hatua zilizoondolewa neno Mungu. Ilichukua miaka kadhaa na malalamiko mbele ya chombo cha haki za binadamu mpaka, mwaka 2017, orodha ikafunguliwa tena. Ofisi ilikuwa na hoja: ukiruhusu kila kikundi kuandika hatua zake, baada ya muda huna tena kitu kimoja cha kumpa mgeni. Lakini waasisi walikwisha kutana na jambo hilo kwa Jim Burwell. Walimchukia, wakamvumilia, naye mwaka 1940 akaanzisha AA ya Philadelphia. Kwa kanuni iliyotokana na kisa chake, Toronto haikuwa na la kuwauliza wale watu zaidi ya kama wanataka kuacha pombe.