The Highwomen: albamu moja kali, halafu kimya

Amanda Shires ni mtunzi na mpiga fidla wa Texas, ana albamu zake mwenyewe, na The Highwomen, kundi la kantri la wanawake wanne, lilianza kama wazo lake la pembeni baada ya kuona redio za kantri Marekani hazipigi nyimbo za wanawake. Si kwamba alikuwa anajihisi tu, 2015 mshauri mmoja wa redio, Keith Hill, alisema hadharani kwamba kwenye saladi ya kantri wanaume ndo majani na wanawake ni nyanya, yaani wa kuwekwa wachache tu. Basi wakakutana yeye na wanamuziki wenzake Brandi Carlile, Natalie Hemby na Maren Morris, prodyuza akawa Dave Cobb pale Nashville, na Septemba 2019 albamu ikatoka.

Jina ni jibu lao kwa The Highwaymen, kundi la wale kina Johnny Cash na Willie Nelson. Kibao cha kwanza wamechukua wimbo uliowapa wazee wale jina wakaandika maneno mapya, humo kuna mama anaikimbia Honduras na watoto wake, watoto wanavuka yeye anafia njiani, kuna mganga ananyongwa Salem, Marekani, kwa kusingiziwa uchawi, kuna na binti wa kwenye mabasi ya kupigania haki za weusi, huyo anaimbwa na mwimbaji mgeni wao, Yola. Mimi hapo kwa yule mama huwa naacha kila ninachofanya.

Sasa wapo wanaosema hii ilikuwa kampeni zaidi ya bendi, na wana pointi, albamu ilishika namba 1 chati ya albamu za kantri lakini redio zenyewe hazikutikisika, maana redio za kule zinataka msanii anayezunguka vituoni na kurudi na singo mpya kila baada ya muda, na hawa kila mtu alikuwa na kazi yake ya kurudia. Miaka ikapita bila albamu ya pili.

Ila uhuru ule ule wa pembeni ndo uliwapa albamu hii, nani anayetegemea redio ale angefungua na mama wa Honduras? Halafu sikiliza kiitikio cha Crowded Table, hawagawani sauti sana, wanaimba pamoja sauti moja kama akina mama wa kwaya jikoni, na wimbo huo ukachukua Grammy ya wimbo bora wa kantri 2021. Kwangu albamu imesimama, ila redio walizozilenga ziliponea pale wao walipoacha, na hilo linaniuma, warudi jamani hata na singo moja.