Bud Foster hakuwahi kuwa kocha mkuu, na hilo si doa

Tarehe 22 Novemba 2014, timu ya chuo kikuu cha Virginia Tech ilikuwa ugenini kwa Wake Forest, jimbo la North Carolina. Dakika zote 60 ziliisha bila upande wowote kupata pointi. Katika futiboli ya Marekani, mchezo ambao timu hufunga pointi 20, 30, hata 50 kwa mechi moja, sare ya 0-0 hadi mwisho wa muda wa kawaida ni jambo la nadra mno. Walinzi wa Virginia Tech, waliofundishwa na Bud Foster, walikuwa wamefanya kila kitu ambacho mlinzi anaweza kutakiwa kufanya. Ukaja muda wa nyongeza, na Virginia Tech wakafungwa 6-3.

Kwa anayeamini kwamba kocha wa ulinzi aliye hodari lazima siku moja awe kocha mkuu, ni vigumu kupata ushahidi mzuri kuliko mechi hiyo. Foster aliikamilisha nusu yake ya kazi, lakini nusu ya pili ilikuwa mikononi mwa wengine. Swali la kama kocha wa ulinzi aliye hodari hana budi kupanda awe kocha mkuu limezungushwa kwa miaka mingi miongoni mwa wafuatiliaji wa mchezo huo, na mimi nadhani mara nyingi hujibiwa kwa haraka.

Kwanza, kazi yenyewe. Timu ya chuo ina kocha mkuu mmoja, na chini yake wasaidizi wawili wakubwa, mmoja wa ushambuliaji na mmoja wa ulinzi. Washambuliaji wana majaribio manne ya kusonga yadi 10. Kabla ya kila jaribio, katika sekunde chache tu, kocha wa ulinzi anaamua nani amvamie kwotabeka, yule anayepokea mpira na kuurusha, na nani abaki nyuma kuchunga pasi ndefu. Anaamua hivyo mara 60 au 70 katika mechi moja. Lakini uamuzi wa nani awe kwotabeka wa timu yake si wake, wala hana neno la mwisho katika usajili. Na siku kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wake nao kwa kawaida hufungasha virago. Ndiyo maana wengi huiona nafasi hiyo kama mahali pa kupitia tu, na anayedumu hapo huulizwa ana kasoro gani.

Foster alidumu. Alicheza katika chuo cha Murray State, jimbo la Kentucky, akaanza ukocha hapo hapo chini ya kocha mkuu Frank Beamer, na mwaka 1987 akamfuata Beamer Virginia Tech, katika mji mdogo wa Blacksburg milimani. Mwaka 1995 akapewa ulinzi, mwanzoni kwa kushirikiana na Rod Sharpless, kisha peke yake. Msimu wa 1999 timu ilifika mchezo wa ubingwa wa taifa ikafungwa na Florida State 46-29. Mwaka 2006 alipata Tuzo ya Broyles, anayopewa kila mwaka kocha msaidizi bora nchini. Beamer alipostaafu mwishoni mwa 2015, kocha mpya, Justin Fuente, alimwomba abaki, jambo linaloonyesha uzito wake, kwa sababu makocha wapya hupenda kuja na watu wao. Alistaafu mwishoni mwa 2019, baada ya misimu 33 katika chuo kimoja.

Alama ya safu yake ilikuwa kopo la bati la chakula, la aina waliyobeba wachimba makaa ya mawe kushukia mgodini, limechakaa na kubonyea. Mchezaji aliyejituma kuliko wenzake ndiye aliyekabidhiwa kulibeba. Kwa vijana wa umri wa miaka 19, wengi wao wakiota mamilioni ya ligi ya kulipwa, kugombania kopo bovu ni jambo kubwa. Kocha anayekuwapo miaka miwili na kuhama hawezi kulijenga jambo kama hilo. Linahitaji mtu ambaye kila kizazi cha wachezaji kinamkuta na kumwacha pale pale.

Ufundi wake ulionekana wazi tarehe 6 Septemba ya mwaka ule ule wa 2014, huko Columbus, nyumbani kwa Ohio State. Wenyeji walikuwa na kwotabeka kijana, J. T. Barrett, akiingia katika mechi yake ya pili tu. Foster alichukua mpangilio wa zamani unaojaza walinzi karibu na mstari wa mpira, akaiziba njia ya kukimbia na kumsonga kijana huyo asipate hata nafasi ya kupumua. Mpango huo una hatari kubwa, kwa sababu walinzi wa pembeni huachwa mmoja kwa mmoja na wakimbiaji wenye kasi kali, bila msaada nyuma yao. Mmoja akiteleza, ni pointi sita. Hawakuteleza vya kutosha kuharibu mpango. Barrett aliangushwa mara saba na pasi zake tatu zikanaswa, ya mwisho ikarudishwa hadi mwisho wa uwanja na mlinzi Donovan Riley. Virginia Tech 35, Ohio State 21. Ohio State hawakupoteza mechi nyingine msimu ule, na walimaliza wakiwa mabingwa wa taifa.

Nao Virginia Tech? Wiki iliyofuata walifungwa nyumbani na East Carolina, na wakamaliza msimu na ushindi mechi saba na vipigo sita. Hapa wanaosema Foster alipaswa kuondoka wana hoja ya kweli, na sitaki kuipunguza. Kipaji kikubwa chini ya mamlaka ndogo hupotea njiani. Kirby Smart aliongoza ulinzi wa Alabama chini ya kocha mkuu Nick Saban kuanzia 2008 hadi 2015, kisha akaenda Georgia akiwa kocha mkuu, akatwaa ubingwa wa misimu ya 2021 na 2022, wa pili kwa kuichapa TCU (chuo cha Texas Christian) 65-7. Bob Stoops alitoka kwenye ulinzi wa Florida akaipa Oklahoma ubingwa wa msimu wa 2000. Watu hao wangebaki wasaidizi, mchezo ungekosa kitu. Kama Foster alikuwa na akili ya namna hiyo, na naamini alikuwa nayo, basi huenda kuna chuo kilichokosa kocha mkuu wa kiwango cha juu.

Ila mifano hiyo miwili hutajwa sana kwa sababu ilifanikiwa. Will Muschamp alikuwa kocha wa ulinzi wa LSU (chuo cha Louisiana State) ilipotwaa ubingwa wa msimu wa 2003, na akatamaniwa kila mahali. Alipokuwa kocha mkuu wa Florida, walinzi wake walibaki wakali, washambuliaji wakadorora, akaondolewa baada ya misimu minne. Akapewa South Carolina, akaondolewa tena. Alirudi kuwa msaidizi Georgia chini ya Smart, na huko mataji yakaja. Ufundi ulikuwa wake tangu mwanzo. Kilichomshinda ni kazi nyingine kabisa iliyopewa jina la kupandishwa cheo.

Tofauti ya kazi hizo mbili inazidi kukua. Kocha mkuu wa leo ni mkusanya fedha, msemaji wa chuo, na mtu anayebembeleza wachezaji wasihame, kwani siku hizi mchezaji anaweza kubadili chuo na kucheza bila kusubiri mwaka. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza kwa michezo yote ya chuo, na kuzigawa fedha hizo ni mtihani wa uongozi. Hakuna lolote kati ya hayo linalomtaka mtu ajue namna ya kumsonga kwotabeka.

Brent Venables ndiye mfano unaonifikirisha zaidi. Alizaliwa Kansas, akacheza Kansas State, akafundisha huko, kisha akawa na Stoops Oklahoma tangu 1999. Mwanzoni mwa 2012 chuo cha Clemson walifungwa pointi 70 na West Virginia katika Orange Bowl, mojawapo ya mechi kubwa za kufunga msimu, wakamwita aje kuwatengenezea ulinzi. Alikaa misimu kumi. Clemson walitwaa ubingwa wa 2016 na 2018, na yeye akapata Tuzo ya Broyles. Alikuwa akilipwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mwaka, fedha ambazo makocha wakuu wengi wa vyuo vidogo hawazioni, kwa hiyo ile hoja ya kale kwamba mtu hupanda ili alishe familia haikumhusu tena. Mwishoni mwa 2021 Oklahoma walimwita awe kocha mkuu, akakubali akiwa anakaribia miaka 51.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Texas waliwafunga 49-0, na msimu ukaisha kwa ushindi sita na vipigo saba, msimu wa kwanza wa Oklahoma wenye vipigo vingi kuliko ushindi tangu 1998. Mwaka 2023 walishinda mechi kumi. Mwaka 2024, wakiwa wamehamia ligi kali ya SEC, wakarudi kwenye sita na saba, na kelele za kumtaka aondoke zikaanza. Msimu wa 2025 Venables akaamua kuita mwenyewe mipango ya ulinzi katika kila mechi, kazi aliyoifanya Clemson. Oklahoma wakashinda kumi na kupoteza mbili, wakaingia mchujo wa ubingwa, kisha wakafungwa nyumbani na Alabama 34-24 baada ya kuongoza 17-0. Kila upande wa mjadala unaweza kumdai. Mmoja utasema alivumilia akafanikiwa. Mwingine utasema aliokolewa na kazi aliyoiacha, na mimi niko karibu zaidi na huo wa pili, ingawa nakiri kwamba asingekuwa kocha mkuu asingekuwa na mamlaka ya kujirudishia kazi hiyo.

Kuna jambo moja ambalo wanaomsifu Foster kwa kubaki hawana budi kulikabili. Kubaki ni fahari pale tu mlango unapokuwa wazi. Charlie Strong, Mwafrika-Mmarekani, alikuwa kiungo muhimu cha ulinzi wa Florida ilipotwaa ubingwa wa misimu ya 2006 na 2008. Miaka ikapita, vyuo vikaajiri wengine. Aliwahi kusema hadharani kwamba rangi yake, na ndoa yake na mwanamke mzungu, vilichangia kunyimwa kazi kusini mwa nchi. Louisville walipompa nafasi, Januari 2013 aliiongoza timu hiyo kuifunga Florida hiyo hiyo 33-23 katika Sugar Bowl, nayo mechi kubwa ya kufunga msimu. Baadaye hakufanikiwa Texas, ni kweli, lakini aliajiriwa, akajaribiwa, akapimwa. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba usaidizi ni kilele kinachotosha, utakuwa unabariki dhuluma. Foster alibaki katika chuo kilichomthamini. Tusifanye uamuzi wake kuwa kanuni ya kuwanyamazisha waliozuiwa.

Kubaki nako kuna gharama zake, hata kwa aliyependa. Mwaka 2018 ulinzi wa Foster ulivunjika. Old Dominion waliwafunga pointi 49, Pittsburgh 52, na Virginia Tech wakawa na msimu wao wa kwanza wenye vipigo vingi kuliko ushindi tangu 1992. Septemba 2019 Duke walikuja Blacksburg wakaondoka na ushindi wa 45-10. Kuna waliosema mchezo umempita. Novemba ya mwaka huo huo, wiki mbili mfululizo, walinzi wake hawakuruhusu pointi hata moja: Georgia Tech 45-0, kisha Pittsburgh 28-0, mechi yake ya mwisho nyumbani. Kipindi chake cha mwisho kilikuwa na kupanda na kushuka, na nadhani ni haki kukikumbuka chote.

Ninaposema kutopanda kwake si doa, sisemi kwamba kupanda ni kosa. Nasema ufundi wa ulinzi ni taaluma iliyokamilika, yenye kilele chake yenyewe, na chuo kinachompata bwana wa taaluma hiyo kinapaswa kumpa mshahara, mkataba wa miaka mingi na sauti katika usajili ili asilazimike kuikimbia apate heshima. Virginia Tech kwenyewe hapajaepuka mtego huo. Mwishoni mwa 2021 walimwajiri Brent Pry awe kocha mkuu, mtu aliyeanza kama msaidizi mdogo chini ya Foster katikati ya miaka ya 1990 na kujijengea jina akiongoza ulinzi wa Penn State. Alishinda mechi 16, akapoteza 24, na Septemba 2025, baada ya vipigo vitatu mwanzoni mwa msimu, akafukuzwa. Kabla mwaka haujaisha chuo kikamwajiri James Franklin, bosi wa zamani wa Pry huko Penn State, na Franklin akamrudisha Pry Blacksburg, safari hii kuongoza ulinzi.