Chebichi atengewe chumba katika makavazi ya Kitale

Mapema mwaka 1974 Sabina Chebichi, msichana wa shule kutoka Trans Nzoia, alishinda shaba ya mita 800 mjini Christchurch, New Zealand. Ilikuwa medali ya kwanza ya mwanamke wa Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwaka huo huo makavazi ya Kitale yalifungua milango. Watoto wa shule hushushwa pale kwa mabasi wakaone nyoka, kobe na nyumba za jadi. Nashauri Chebichi atengewe chumba humo, na najua jibu litakalonijia kwanza: hiyo ni anasa.

Wanaosema hivyo si wa kubezwa. Mwanariadha mstaafu hali kabati la vioo. Fedha hizo zingelipia matibabu, karo, au kiwanja ambacho wasichana wa leo wangefanyia mazoezi. Isitoshe, tumezoea majengo ya ukumbusho yanayozinduliwa kwa shangwe, kisha paa linavuja na ufunguo haujulikani uko kwa nani.

Hata hivyo, kuna hesabu moja hainitoki. Mwanamume wa kwanza wa Kenya kupata medali ya Olimpiki, Wilson Kiprugut, aliipata Tokyo mwaka 1964. Mwanamke wa kwanza, Pauline Konga, aliipata Atlanta mwaka 1996. Miaka 32! Mtoto akiachiwa tarakimu hizo peke yake atadhani mama zetu walikuwa hawajui kukimbia.

Sasa tazama kilichokuwa nyuma yake. Mwaka 1968 Kenya ilipeleka wasichana watatu Mexico: Tecla Chemabwai, Lydia Stephens na Elizabeth Chesire. Naftali Temu alikuwa na mita 10,000 za kujinyakulia dhahabu. Kwa wanawake, mbio ndefu kuliko zote zilikuwa mita 800. Mita 1,500 waliruhusiwa mwaka 1972, marathoni 1984, mita 10,000 mwaka 1988. Mita 5,000 za wanawake zilikimbiwa Olimpiki kwa mara ya kwanza Atlanta, na ndizo zilizompa Konga fedha. Yaani mlango ulipofunguliwa tu, Mkenya akapita. Kizazi cha Chebichi kilikosa hata dirisha: Kenya ilisusia Montreal 1976 na Moscow 1980, kwa hiyo baada ya 1972 hatukuonekana Olimpiki hadi 1984. Dhahabu ya kwanza ya mwanamke wetu, ya Pamela Jelimo, ilisubiri hadi Beijing 2008, nayo ni ya mita 800, mbio za Chebichi.

Hayo uwanja haukuelezi. Uwanja wa Kipchoge Keino pale Eldoret unalihifadhi jina, na ni vizuri, lakini jina halisimulii. Chebichi naye akitajwa hutajwa kwa petikoti aliyokimbia nayo, kwa sababu ndiyo iliyowafurahisha waandishi wa magazeti. (Temu alivaa nini? Hakuna anayeuliza.) Nguo kama hiyo ikitundikwa kando ya orodha ya mbio zilizokuwa zimefungiwa wanawake, mtoto wa darasa la sita ataelewa bila kuhubiriwa. Wamarekani wana jumba la Babe Didrikson, bingwa wa Olimpiki ya 1932, mjini Beaumont alikokulia, wala si jumba kubwa.

Kwa hiyo jengo jipya sitaki. Hapo wapinzani wameshinda. Chumba kimoja chatosha. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imewapa magatuzi maktaba, makavazi na michezo katika kifungu kimoja, kwa hiyo gatuzi la Trans Nzoia lina haki ya kuketi na Makavazi ya Kitaifa na kukubaliana nani atalipia nini. Na mwenye picha, medali na simulizi aandikiwe mkataba, alipwe kwanza, kabla fundi wa rangi hajaitwa.