Sururu mmeisahau

Mwandishi wa makala yenu anasema jeshi la Roma ya kale lilitamba kwa ujasiri na upanga mfupi. Sawa, lakini kaacha kitu kikubwa: sururu. Wakiwa kwenye ardhi ya adui, baada ya kutembea kutwa nzima na mzigo begani, jioni walichimba handaki na kusimamisha boma ndipo walale. Si ajabu askari wa Marius, jenerali wa Roma, waliitwa nyumbu (wale chotara wa punda na farasi wanaobeba mizigo)!

Chukua Alesia, huko Gaul (Ufaransa ya leo), mwaka 52 KK. Vercingetorix, kiongozi wa Wagauli (watu wa Gaul), kajifungia kilimani na jeshi lake. Caesar, jenerali wa Roma, hakukurupuka kukipanda kilima hicho. Alikizungushia ngome ya kilomita 16 hivi, halafu akajenga ya pili, kama kilomita 21, ikitazama nje, maana alijua Wagauli wengine wanakuja kuokoa wenzao. Mbele ya ngome vikachimbwa vishimo vya futi tatu, kila kimoja na mti mnene kama paja, umechongwa ncha na kukaushwa kwa moto, umechomoza vidole vinne tu, juu umefichwa kwa vijiti. Askari wakaviita yungiyungi, eti kwa kufanana na ua. Utani wa wanajeshi huo!

Ujasiri Wagauli nao walikuwa nao tele. Msaada ulikuja kweli, ukashindwa kupenya, na Vercingetorix akajisalimisha. Alikaa kifungoni hadi 46 KK, akatembezwa Roma kwenye gwaride la ushindi, kisha akauawa.