Jiwe Lenye Mdomo: Tangi la Matumbawe Mjini Unguja, Tulijenge au Tuliache?

Usiku mmoja wa bamvua, Matemwe, pwani ya kaskazini mashariki ya Unguja, maji yalikuwa yametoka mbali sana, mawimbi unayasikia yakipasuka mwambani lakini huyaoni. Ilikuwa kama saa 4. Mkononi nina kurunzi niliyoifunika karatasi nyekundu, maana mwanga mkali huwafanya viumbe wa usiku wajifiche, na mbele yangu ametangulia bi mkubwa mmoja aliyechokoa pweza pwani ile kwa zaidi ya miaka 40. Tukasimama kwenye dimbwi lisilozidi upana wa mkeka. Ndani yake palikuwa na tumbawe la duara, ukubwa wa kichwa cha mtu. Asubuhi yake nilikuwa nimeliona, likiwa jiwe tu lenye vitundu vitundu. Usiku ule lilikuwa limeota manyoya. Kila kitundu kimetoa vijimkono vyembamba kama nyuzi, vinapepea na maji. Nikadondosha chembe ya dagaa. Vile vijimkono vikaikunja, vikaivuta, ikapotea.

Bi mkubwa akachutama, akaomba kurunzi. Alikaa pale kitambo kirefu kuliko nilivyotarajia.

"Mwanangu," akasema, "tangu sijavunja ungo nakanyaga humu. Kumbe hili jiwe lina mdomo!"

Kila yanapozungumzwa mambo ya uchumi wa buluu hapa Zanzibar, halikosi kuzuka swali: mbona visiwa vilivyozungukwa na matumbawe havina tangi kubwa la matumbawe hai, la wazi kwa umma, ambalo mtu wa Kwahani au Micheweni analipa nauli ya daladala na kiingilio cha kawaida akaenda kuliona? Wapo wanaolitamani, na wapo wanaoona ni upuuzi kufungia bahari ndani ya kioo ilhali bahari yenyewe iko mlangoni. Mimi nimekuwa kwenye kila upande kwa zamu, na dimbwi la Matemwe ndilo lililonitikisa.

Tuanze na neno lenyewe. Kwetu tumbawe ni jiwe la kujengea kabla halijawa kitu kingine. Kuta za Mji Mkongwe zimeinuliwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayo hayo. Mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, yenye maandishi ya kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, imechongwa kwenye tumbawe. Fundi wa zamani anaweza kukwambia tumbawe lipi jepesi la darini na lipi la msingi. Karne na karne tumelijua tumbawe likiwa limeshakufa. Haishangazi basi kwamba mtu anaweza kuishi pwani miaka 60, akavua, akapika, akauza, na asijue kwamba anachokikanyaga ni maelfu ya wanyama wadogo walioshikana, kila mmoja na tumbo lake na mdomo wake.

Na wanyama hao wana siri nyingine inayowaponza. Ndani ya miili yao wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hupika chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wao sehemu kubwa. Bahari ikipata joto nyuzi moja tu juu ya kiwango cha juu kilichozoeleka msimu wa joto, na joto hilo likakaa wiki kadhaa, mwani wale hutolewa nje na tumbawe hugeuka jeupe. Likichelewa kuwarudisha, hufa kwa njaa. Mwaka 1998 matumbawe ya Misali, Pemba, yaliumia vibaya kwa namna hiyo. Kati ya Januari 2023 na Machi 2025, joto la kiwango cha kusababisha weupe huo lilifikia asilimia 84 ya eneo lote la matumbawe duniani. Mvuvi wa dema anaiona athari kwenye kapu lake: tasi, changu, chewa na pweza wote wanategemea mwamba ulio hai kwa njia moja au nyingine.

Sasa nani anauona mwamba huo? Nenda Forodhani jioni. Wavulana wanakimbia, wanaruka kutoka ukutani, wanapiga mbizi za kila aina na watu wanawashangilia. Wasichana wa rika lao wamekaa kwenye ukuta, wanakula urojo, wanatazama. Miamba ya visiwa vya Changuu na Bawe haiko mbali, dakika chache kwa boti. Lakini boti ina bei yake, miwani ya kuzamia ina bei yake, na kwa msichana kuna ruhusa ya wazazi, kuna mavazi, kuna kutojua kuogelea. Mgeni aliyeshuka ndege jana anamjua kitatange wa Mnemba kuliko binti aliyezaliwa Malindi. Hapo ndipo hoja ya tangi inaponigusa zaidi. Kioo hakimuulizi mtu kama anajua kuogelea.

Kuna hoja nyingine nzito, ya uhai na mauti. Machi 2024, Kisiwa Panza huko Pemba, watu walikula nyama ya kasa. 9 wakafa, 8 kati yao watoto, na wengine 78 wakalazwa. Nyama ya kasa huweza kuwa na sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Si mara ya kwanza: Novemba 2021 Pemba hiyo hiyo ilizika watu 7 kwa sababu ile ile. Elimu ya redioni ilikuwapo, sheria ya kumlinda kasa ilikuwapo. Mimi naamini, kama mtu aliyewahi kufundisha sayansi kwenye skuli ya shamba, kwamba mtoto aliyemwona kiumbe kwa macho yake na kuelezwa habari zake na mtu anayejua huzibeba mpaka jikoni kwa mama yake. Tangazo hufika sikioni likakaa hapo.

Matangi pia yamefanya kazi ambayo bahari peke yake isingeifanya. London, kwenye makumbusho ya Horniman, wataalamu walifanikiwa kuyafanya matumbawe yazae ndani ya tangi kwa kuyaigizia majira, joto la maji na hata mwanga wa mwezi, kwa sababu matumbawe mengi hungoja mwezi kabla ya kumwaga mayai yao. (Wapwani hatuhitaji kuambiwa mara mbili kwamba bahari inafuata mwezi.) Florida, kiangazi cha 2023, maji yalipopata joto kali, watu waliyatoa matumbawe kwenye vitalu vya baharini wakayahamishia kwenye matangi ya nchi kavu ili yasife yote. Tangi lilikuwa kimbilio.

Upande wa pili nao una maneno, na la kwanza ni umeme. Nani amesahau? Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima baada ya njia ya umeme kutoka bara kuharibika, na kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010 tukakaa miezi mitatu. Waya mpya wa chini ya bahari ulizinduliwa mwaka 2013 na hali imekuwa nzuri zaidi, lakini tangi la matumbawe halisubiri miezi mitatu. Pampu zikisimama, hewa ndani ya maji huisha kwa saa chache. Joto hupanda, na uozo wa kiumbe mmoja huua wa jirani. Townsville, Australia, walifungua tangi lao mwaka 1987, lita milioni 2.5, mojawapo ya makubwa kabisa ya aina yake, na mwaka 2021 likafungwa kwa ukarabati mkubwa. Hiyo ni nchi tajiri. Chumvi ya bahari inakula chuma, saruji, nyaya na bajeti.

La pili ni hao samaki watakaowekwa. Sehemu kubwa ya samaki wa mapambo wa baharini duniani bado hukamatwa baharini, hawafugwi. Tangi kubwa likijengwa bila sharti, kijana wa Mkokotoni ataambiwa fulani ananunua kangaja wa buluu wakiwa hai, naye atakwenda kuwatafuta, na atavunja tumbawe kumtoa samaki aliyejificha ndani yake. Tutakuwa tumebomoa mwamba ili tuoneshe mwamba.

Tuna pia mafunzo ya nyumbani. Kobe wa Changuu walikuja 4 kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wakazaana, wakafika takriban 200 kufikia 1955, kisha wizi ukawamaliza mpaka wakabaki 7 mwaka 1996. Waliokolewa na uzio na uangalizi mkali. Kwa hiyo kumweka kiumbe mahali pa maonesho hakumlindi, kama hakuna anayelinda mlango.

Na kasa wa kufungwa? Wanakijiji wa Nungwi walianzisha bwawa lao mwaka 1993 kwenye dimbwi la asili linalojaa na kupwa na bahari, na kasa walionaswa nyavuni wakapelekwa humo badala ya kuchinjwa. Hilo naliheshimu kwa dhati. Lakini niliwahi kusimama ukingoni mwa bwawa la aina hiyo, pengine kwingine, nikaona wageni 12 ndani ya maji pamoja na kasa watano, kila mmoja anamshika gamba apigwe picha, miili inang'aa mafuta ya jua na mafuta yanatanda juu ya maji. Mtoto niliyefuatana naye akaniuliza kama kasa wanapenda. Nilitazama yule aliyekuwa ananyang'anyiwa nafasi ya kupanda juu kuvuta pumzi, nikamwambia ukweli, kwamba hapana. Kasa aliyekomaa husafiri mamia ya kilomita kati ya malisho yake na ufuo wa kutagia. Bwawa la hatua 20 halimfai isipokuwa ni mgonjwa au ni jeruhi, na kwa muda.

Wenye kusema dini imekataza kufunga wanyama nao wasisikilizwe nusu. Sote tumefundishwa chuoni habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfunga, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Lakini tumefundishwa pia habari ya Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na kidege chake, na Mtume akimuuliza kwa upole kidege kimefanya nini. Wanavyuoni wakachukua humo ruhusa ya kufuga kwa wema. Lawama ya paka haikuwa kamba peke yake, ilikuwa njaa. Kwa tangi la matumbawe, njaa hiyo ndiyo pampu iliyozimika na bajeti iliyokatwa mwaka wa tatu.

Wanaosema "bahari iko mlangoni" hunionesha Chumbe, kisiwa kidogo cha hifadhi karibu na Unguja. Wana haki. Mwamba wa magharibi ya kisiwa kile umefungwa kwa uvuvi tangu 1994, baadhi ya walinzi wake walikuwa wavuvi, na wanafunzi wa skuli zetu hupelekwa huko kujifunza ndani ya maji. Hakuna kioo duniani kitakachoshinda hilo. Lakini safari ya Chumbe hubeba wanafunzi wachache kwa wakati mmoja, hutegemea maji na upepo, na kusi likivuma sawasawa kila mtu anakaa nyumbani. Ukihesabu watoto wa Unguja na Pemba, wengi watamaliza skuli zamu yao haijafika. Na bibi zao hawamo kwenye hesabu hiyo kabisa.

Basi mimi nasimama wapi? Nalitaka tangi, na nalitaka dogo. Lijengwe ufukweni kabisa ili maji ya bahari yaingie na kutoka, na umeme uwe msaidizi tu. Paa liwe wazi jua liingie. Jenereta na mafuta yake yawepo kabla tumbawe la kwanza halijawekwa. Lisiwekwe kasa, papa wala pomboo. Matumbawe yake yawe vipande vilivyokwisha kuvunjika kwa nanga na dhoruba, ambavyo vingekufa mchangani, na samaki wake wawe wachache, wadogo, wa aina zinazozaliwa ndani ya matangi. Nyuma yake kiwe kitalu, wanafunzi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari wafanye kazi humo huku watu wanawaona. Kiingilio cha mgeni kilipie cha mwanafunzi. Na fedha zake zisichotwe kutoka kwenye doria wala kwa vijiji vinavyofunga maeneo ya pweza kwa miezi ili wakue, maana hao ndio wanaolinda chakula chetu leo. Kama ni ama doria ama tangi, nachagua doria bila kusita.

Sharti moja zaidi, na hili sitalilegeza: lifunguliwe usiku. Mchana tutawaonesha watu mawe yenye rangi nzuri, na wataondoka wakiamini ni mawe. Baada ya sala ya Isha, taa zififie ziwe nyekundu, watu waje na watoto wao na mama zao, wakae kimya kidogo mbele ya kioo mpaka vile vijimkono vianze kutoka. Bi mkubwa wa Matemwe ameshaniambia atakuja, ila anataka aruhusiwe kuleta dagaa wake.