Kipindupindu cha Yemen na kidole kilichoelekezwa kwetu

Mwaka 2019 wanasayansi wa Taasisi ya Pasteur ya Paris na wenzao wa Uingereza walitoa matokeo ya kusoma jenomu (maandishi yote ya urithi) za vimelea 42 vya mlipuko wa kipindupindu Yemen, ambako walioshukiwa kuugua walikuwa wamepita milioni moja. Walisema ukoo ule ulitoka Asia Kusini, ukaonekana Afrika Mashariki mwaka 2013 na 2014, ndipo ukaingia Yemen 2016. Huku kwetu wengi walisikia jambo moja tu: kumbe ni sisi tuliowapelekea.

Ushahidi wenyewe siubezi. Chini ya darubini vimelea hivi vyote ni vijiti vilivyopinda kama mkato, huwezi kumjua nani ndugu ya nani. Undugu umo katika zile herufi milioni nne za jenomu. Kule Haiti, ushahidi wa namna hii ulizidi kuwabana waliokana kwamba kipindupindu cha 2010 kilifika na walinda amani kutoka Nepal. Umoja wa Mataifa uliomba radhi 2016. Miaka sita!

Lakini mti wa ukoo huchorwa kwa waliopimwa. Nchi iliyotunza sampuli zake na kuzitoa ndiyo huonekana njia ya ugonjwa. Iliyokaa kimya huonekana safi. Na kupimwa kunaanzia mbali na Paris: kijiti cha pamba, kichupa cha kusafirishia, kisha sahani ya maabara ya kuoteshea, ya kijani, inayogeuka manjano kimelea kikiota. Sahani zikiisha wilayani, mgonjwa anatundikiwa dripu (sawasawa kabisa, dripu kwanza), anapona, anakwenda zake, na kimelea chake hakiingii kwenye mti wowote.

Wapo wanaosema fedha za kusoma jenomu zichimbe visima. Wana haki, maana hakuna jenomu iliyowahi kusafisha maji. Ila mashine za kusoma jenomu siku hizi zipo zinazoenea mfukoni. Kinachotuumiza zaidi ni vitendanishi (kemikali za kupimia) vya kuagiza nje na majibu yanayochelewa. Jenomu ikisomwa hapa hapa ndani ya wiki, bwana afya atajua kama wagonjwa wa mtaa huu na wa bandarini ni mnyororo mmoja au miwili, na aanzie kisima kipi. Majibu ya miaka mitatu baadaye humkuta ameshamwaga klorini na kuondoka.