Nilivyourekebisha Mkeka Hadi Ukachanika

Jumatatu usiku, Oktoba 2, 2023, nilikaa jikoni hapa Atlanta kutengeneza mkeka wa besiboli. Kazini tulikuwa watu 22, kila mmoja ametoa dola 10, na mikeka yote ilitakiwa ifike kwa msimamizi wa zamu kabla mpira wa kwanza wa mtoano haujarushwa Jumanne alasiri. Atakayemtaja bingwa anabeba zote. Wenzangu wengi huchagua kwa uzuri wa kofia. Mimi nina Excel.

Ninayotumia ni kanuni ya Bill James, bingwa wa takwimu za besiboli, na haina longolongo. Chukua mikimbio, yaani mabao ya besiboli, ambayo timu imefunga msimu mzima, uizidishe kwa yenyewe. Fanya hivyo hivyo kwa mikimbio ambayo timu imefungwa. Kisha gawanya ile ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Atlanta Braves, timu ya hapa kwetu, walifunga 947 wakafungwa 716: unapata 0.636, ambayo kwa mechi 162 ni ushindi 103. Walishinda 104 kweli. Ukiona kanuni inakosea kwa mechi moja tu baada ya miezi sita, lazima kichwa kivimbe.

Basi nikaandika timu 12 za mtoano kwa alfabeti, Arizona juu kabisa, Toronto chini kabisa. Safu ya kwanza jina, ya pili mikimbio waliyofunga, ya tatu waliyofungwa. Pembeni nikachora mtoano wenyewe kwa mkono, kila jina likijitafutia namba zake kwenye ile orodha. Hadi hapo mambo safi.

Saa tano usiku nikataka kuwaona wa chini, Texas na Toronto, waje juu ya skrini. Nikachagua safu ya majina peke yake, nikabonyeza ipangwe kutoka Z kwenda A. Excel haikunitupa. Ilileta kidirisha ikaniuliza kistaarabu: je, unataka na safu za jirani zihame pamoja? Nikabonyeza hapana, nikakifukuza kama mbu.

Majina yakageuka juu chini, namba zikabaki zilipo. Toronto akavaa namba za Arizona. Texas Rangers, wa pili kutoka mwisho, akavaa za Atlanta, wa pili kutoka mwanzo. Na kwa kuwa 12 inagawanyika kwa mbili, hakuna hata timu moja iliyobaki na nguo zake.

Bingwa: Texas.

Nilishtuka, lakini mtu mwenye jedwali hakosi sababu. Dakika tano hazikuisha nilikuwa nimeshajieleza: kocha wao Bruce Bochy ana mataji matatu aliyochukua na San Francisco, 2010, 2012 na 2014. Mpigaji wao Corey Seager anapiga mpira kama anaudai. Nikalala usingizi mnono, na asubuhi nikachapa karatasi.

Mapumziko ya mchana nilikuwa namweleza ndugu mmoja wa Bukavu, ambaye alikuwa ameshalipa dola zake 10 lakini hajajaza kitu, maana anajua kandanda tu. Namwonyesha kwa kidole: huyu Texas, tazama, mikimbio 947.

Kidole kikaganda. Mwaka ule 947 ilikuwa ya Braves, na hapa Atlanta watu waliijua kama bei ya petroli. Hao ndio waliopiga hom-rani 307, yaani mipira ya kupaa hadi nje ya uwanja, wakaifikia rekodi ya timu ya Minnesota ya 2019. Texas walifunga 881. Nikafungua kompyuta jasho likinitoka, nikachagua safu zote tatu, nikarudishia kila jina namba zake, nikapanga upya. Bingwa: Atlanta. Nikapumua.

"Ndugu, iache tu vile iko," akasema wa Bukavu.

Nikampa mhadhara mpaka kengele ikalia. Yeye akaiokota ile karatasi ya kwanza niliyoifinyanga, akaikunjua kwenye paja. "Hauitaki tena hii?" Akafuta jina langu, akaandika lake, akaipeleka kwa msimamizi. Nilizionea huruma dola zake.

Sasa, kitu ambacho nilikijua vizuri ila sikukipigia hesabu ni hiki. Tuseme Atlanta wana asilimia 57 za kushinda kila mechi moja, na kwenye besiboli dhidi ya timu za Oktoba huo ni ubabe mkubwa. Raundi yao ya kwanza ni ya mechi tano: wanapita kwa asilimia 63. Zinazofuata ni mbili za mechi saba: asilimia 65, na 65 tena. Zidisha zote tatu, unabaki na 27. Yaani timu bora kuliko zote inaukosa ubingwa karibu mara tatu katika kila nne. Isitoshe, kanuni inahesabu msimu mzima, warushaji wote wakiwemo, wakati mrushaji wao Charlie Morton alikuwa kidole kinamuuma na hakusajiliwa kwa raundi ile.

Philadelphia walikuja wakawafunga 3-0 mechi ya kwanza. Atlanta wakajibu 5-4. Kisha Philadelphia 10-2, kisha tena 3-1, huku Nick Castellanos wao akipiga hom-rani mbili katika kila moja ya mechi hizo mbili kama mtu aliyetumwa. Waliofunga 947 walipata nane katika mechi nne. Oktoba 12 mkeka wangu ulichanika, na mtoano ulikuwa na wiki tatu mbele.

Texas? Walimaliza na ushindi 90 tu, wakapoteza hata mechi ya mwisho ya msimu, 1-0 kule Seattle, na uongozi wa kundi ukaenda Houston. Wakaanza safari ya kucheza nyumba za watu: Tampa Bay, Baltimore, Houston, Phoenix. Mechi 11 za ugenini, ushindi 11. Namba zangu hazikuwa hata na safu ya ugenini.

Mechi ya kwanza ya fainali wa Bukavu aliitazama kwangu, kwa sababu, alisema, mwalimu yuko hapa. Seager akasawazisha kipindi cha tisa, mwenzake Adolis García akamaliza kazi kipindi cha 11. Mgeni wangu akaniuliza kama hiyo nayo ilikuwa kwenye Excel.

Novemba 1 Texas walitwaa kombe. Hakuna mwingine kazini aliyewaandika, kwa hiyo akahesabiwa dola 220. Akanitolea 10. "Za karatasi," akasema.

Oktoba iliyofuata alinisubiri mlangoni mapema, pesa mkononi. "Mwalimu, nitengenezee tena. Lakini unipe ile ya kwanza, mbele ya kuirekebisha."